Grometi kwa mtoto mwenye kaakaa lililopasuka: tathmini ya kifaa na mbadala wake

Tuanze na uamuzi, maana mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe hivi karibuni atawekewa grometi, yaani mrija mdogo sana unaopachikwa kwenye kiwambo (ngoma) cha sikio ili kuingiza hewa ndani, hana muda wa kuzungushwa. Grometi fupi ni kifaa kizuri kwa mtoto mchanga mwenye mpasuko wa kaakaa, mradi amepimwa usikivu kwanza, na mradi wanaomhudumia wanajua kwamba kifaa hiki hakigusi chanzo cha tatizo. Grometi ya T, ile ya kukaa muda mrefu, isiwe ya kwanza. Shimesikio, yaani kifaa cha kuvaa cha kusaidia kusikia, ni mbadala halali ambao mara nyingi hautajwi kabisa. Dawa za kunywa za kukausha majimaji ya sikio hazipati hata nyota moja.

Kwa nini masikio haya hujaa

Kutoka sikio la kati hadi nyuma ya pua kuna njia nyembamba iitwayo neli ya Eustachio. Kwa kawaida imefungwa. Mtu anapomeza au kupiga miayo, msuli uitwao tensa veli palatini huivuta ikafunguka kwa muda mfupi, hewa ikaingia, na shinikizo la pande mbili za kiwambo likalingana. Msuli huo unatoka upande wa kushoto na wa kulia na kukutana katikati ya kaakaa laini, na ni kule kukutana kunakoupa mahali pa kushikilia. Kaakaa likiwa limepasuka, nyuzi zake hazina mwenzake wa kukutana naye. Zinajishikiza kwenye kingo za mpasuko na ukingo wa nyuma wa kaakaa gumu, kwa hiyo mtoto anameza na neli haifunguki ipasavyo.

Hewa iliyobaki ndani hufyonzwa na utando wa sikio la kati. Shinikizo linashuka, kiwambo kinavutwa ndani, na utando wenyewe unaanza kutoa majimaji. Mwanzoni ni mepesi. Yakikaa yanakuwa mazito na kunata kama gundi. Zaidi ya hapo, neli ya mtoto mchanga ni fupi na imelala zaidi kuliko ya mtu mzima, na maziwa yanayopanda puani wakati wa kunyonya huchokoza mdomo wake wa nyuma.

Hili halikujulikana siku zote. Mwaka 1967 madaktari Sylvan Stool na Peter Randall waliripoti kwamba watoto wachanga wenye mpasuko wa kaakaa walikuwa na majimaji masikioni ambayo hakuna aliyeyatarajia, na mwaka 1969 watafiti Paradise na Bluestone pamoja na mwenzao walichunguza watoto wachanga 50 wa aina hiyo, wakakuta ugonjwa wa sikio la kati karibu kwa wote. Tangu hapo swali la kuuliza kwa mtoto huyu si kama ana majimaji, ni yamemzuia kusikia kiasi gani na kwa muda gani.

Tofautisha mambo mawili. Mtoto mwenye mpasuko wa mdomo tu, kaakaa likiwa zima, hayumo katika kundi hili. Lakini yule ambaye kaakaa lake linaonekana zima na misuli ya chini yake haijaungana, huyo yumo, na ndiye anayesahaulika. Fungua kinywa utazame: kimio kilichogawanyika mara mbili, mstari wa rangi ya samawati katikati ya kaakaa laini, na ukipapasa kwa kidole, pengo dogo kwenye ukingo wa nyuma wa kaakaa gumu. Mtoto ambaye masikio yake yanajaa tena na tena bila sababu ya wazi anastahili kupapaswa hivyo.

Kabla ya kifaa, kipimo

Majimaji haya kwa kawaida hayaumi wala hayaleti homa. Upotevu wa usikivu unaoletwa nayo huwa kama desibeli 25 hadi 30, wakati mwingine 40, na hupanda na kushuka. Kwa mtu mzima huo ni usumbufu. Kwa mtoto anayejifunza kutofautisha p na b, t na d, huku kaakaa lake tayari linafanya sauti zake zivujie puani, ni mzigo juu ya mzigo.

Kosa la kwanza linatokea hapa. Mtoto anafeli kipimo cha usikivu cha watoto wachanga, mtu anasema "ni majimaji tu", na hakuna kinachofuata. Mara nyingi ni kweli ni majimaji, lakini baadhi ya watoto hawa wana sindromu, yaani mkusanyiko wa kasoro zinazokuja pamoja, inayoathiri pia sikio la ndani. Sindromu ya Stickler ni mfano mmoja, na mtoto mwenye kidevu kidogo kilichorudi nyuma na mpasuko wa kaakaa achunguzwe kwa jicho hilo. Kinachotakiwa ni kipimo cha mwitikio wa shina la ubongo, kinachoonyesha ubongo unavyoitikia sauti bila mtoto kujibu, kwa njia ya hewa (sauti ikipita mfereji wa sikio) na kwa njia ya mfupa pia (sauti ikipita fuvu hadi sikio la ndani). Mfupa ukiwa sawa na hewa ikiwa chini, tatizo liko sikio la kati. Vyote viwili vikiwa chini, grometi peke yake haitatosha, na bora ijulikane sasa kuliko baada ya upasuaji.

Timpanometri, kipimo kinachobadilisha shinikizo la hewa kwenye mfereji wa sikio na kuchora jinsi kiwambo kinavyocheza, nayo ina mtego wake. Chini ya miezi 6 itumike sauti ya hezi 1000. Ile ya hezi 226, ambayo ndiyo mashine nyingi huanza nayo, inadanganya kwa sababu kuta za mfereji wa sikio la mtoto mchanga bado ni laini na zinacheza zenyewe, kiasi cha kuchora kilima kizuri huku nyuma ya kiwambo kumejaa. Mstari ukitoka bapa, soma namba ya ujazo (nafasi iliyo mbele ya ncha ya kifaa) kabla ya kuamua chochote. Bapa na ujazo wa kawaida ni dalili ya majimaji. Bapa na ujazo mkubwa, kiwambo kina tundu au grometi iko wazi inafanya kazi. Bapa na ujazo mdogo kupita kiasi, ncha imegusa ukuta au kuna nta. Toa, safisha, rudia.

Grometi fupi

Umbo lake ni la kibiringo cha uzi kilichokatwa kifupi: pete mbili pana na kiuno chembamba katikati kinachobanwa na kiwambo. Tundu la ndani huwa kama milimita 1 na kidogo. Aina mbili za kawaida, Shepard na Armstrong, hupatikana kwa milimita 1.14. Beverly Armstrong ndiye aliyeirudisha mirija hii kwenye matibabu mwaka 1954. Leo hutengenezwa kwa silikoni, kwa plastiki ya jamii ya Teflon, au kwa titani. Kuhusu malighafi tusigombane sana. Silikoni ni laini na rahisi kuingiza. Teflon ni ngumu kidogo na uso wake unateleza, utelezi ambao husaidia uchafu usigande. Umbo na upana wa pete ya ndani ndivyo vinavyoamua itakaa muda gani.

Inavyowekwa: mtoto analazwa kwa dawa ya usingizi, daktari wa masikio, pua na koo anatazama kwa hadubini, anasafisha nta, kisha anakata mpasuo wa milimita 2 hivi kwenye robo ya mbele na chini ya kiwambo. Robo ya nyuma na juu haiguswi kwa sababu mifupa midogo ya kusikia iko nyuma yake. Majimaji yanafyonzwa, grometi inaingizwa pete moja ndani na nyingine nje. Ni kazi ya dakika chache kwa kila sikio. Hata hivyo kwa watoto hawa mfereji wa sikio mara nyingi ni mwembamba, hasa kwa wenye sindromu, na huenda daktari akalazimika kutumia saizi ndogo au kuahirisha. Gundi nzito si lazima ifyonzwe yote; kung'ang'ania tone la mwisho kunaweza kujeruhi utando.

Wakati unaofaa zaidi ni siku ileile kaakaa linaposhonwa, ambayo kwa wengi ni kati ya miezi 6 na 12 au kupita kidogo, ili mtoto alazwe usingizi mara moja tu. Tunasema "unaofaa" kwa tahadhari. Mwongozo wa mwaka 2008 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ulisema wazi kwamba grometi wakati wa kushona kaakaa ziwekwe tu baada ya uchunguzi makini wa masikio na usikivu, si kwa mazoea ya "tukiwa humo humo". Tunakubaliana nao. Lakini mtoto ambaye timpanogramu zake (michoro ya timpanometri) ni bapa kwa miezi na anasikia vibaya, kumshona kaakaa na kumwacha na masikio yaliyojaa ni kupoteza nafasi. Wala usitegemee kwamba kushona kaakaa kutafungua neli mara moja. Msuli ukishapangwa upya neli huimarika taratibu, kwa miaka, na kwa wengine haifiki pazuri hadi utoto unaisha.

Kasoro zake sasa. Grometi fupi hukaa miezi 6 hadi 18, kisha kiwambo kinaisukuma nje chenyewe. Kwa mtoto wa kawaida huo ni muda wa kutosha. Kwa mwenye mpasuko wa kaakaa, inatoka neli ikiwa bado mbovu, majimaji yanarudi, na mazungumzo ya grometi ya pili yanaanza. Mzazi aambiwe hivyo siku ya kwanza, asije kudhani upasuaji ulifeli. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2001, uliohusu watoto kwa jumla, ulikuta usaha ukitoka kwa takriban 26% baada ya kipindi cha kupona, grometi kuziba kwa 7%, mabaka meupe ya chokaa kwenye kiwambo kwa 32%, na tundu lisiloziba kwa takriban 2% ya zile fupi. Mabaka meupe yanatisha ukiyaona lakini kwa kawaida hayapunguzi usikivu kwa kiasi cha kuhangaisha. Tundu lisiloziba ndilo la kuhesabu, kwa sababu kila grometi mpya ni nafasi nyingine ya kuachiwa tundu.

Kwa hiyo: grometi fupi, ndiyo, ikiwa usikivu umepimwa na uko chini. Kwa mtoto mwenye majimaji na usikivu unaoridhisha, kusubiri na kupima kila baada ya miezi 3 hivi si uzembe.

Grometi ya T

Hii ina mabawa mawili marefu yanayofunguka ndani ya sikio la kati kama herufi yenyewe, hivyo haisukumwi nje kirahisi na hukaa miaka 2 au zaidi. Kwa mtu anayetazama tatizo la neli ya miaka mingi, inavutia. Bei yake ni tundu: uchambuzi uleule wa 2001 uliweka tundu lisiloziba kwa takriban 17% ya grometi za muda mrefu, na usaha nao ni wa mara kwa mara zaidi. Chuo cha madaktari wa masikio cha Marekani kilipoandika upya mwongozo wake mwaka 2022, kilishauri zisitumike kama upasuaji wa kwanza isipokuwa pawe na sababu mahususi. Sisi tungeihifadhi kwa mtoto ambaye grometi fupi zimemtoka haraka zaidi ya mara moja, kiwambo kimeanza kudidimia ndani, na kila usingizi wa upasuaji kwake ni hatari kwa ajili ya moyo au njia ya hewa. Huyo ananufaika. Wengine wasubiri.

Shimesikio

Tunashangaa jinsi lilivyo nadra kutajwa. Shimesikio haliingii kwenye kiwambo, halihitaji usingizi, na linaondoa haraka ya kuamua. Kwa watoto hawa yako mawili. Lile la nyuma ya sikio lenye kibonge cha kuziba mfereji linafaa ikiwa masikio ni makavu. Shida ni kwamba mfereji wa mtoto mchanga unakua haraka, kibonge kinalegea, sauti inavuja na kifaa kinapiga mluzi, kwa hiyo kibonge kipya kinahitajika kila baada ya miezi michache, na mwanzoni mapema zaidi. Lile la kupitisha sauti kwa mfupa, linaloshikiliwa na utepe laini kichwani, ndilo tunalolipenda. Linaruka sikio la kati lote, halijali mfereji mwembamba wala usaha, na upotevu unaopanda na kushuka hauliyumbishi sana kwa kuwa sikio la ndani ni zima.

Hitilafu zake ni za matumizi. Utepe ukilegea sauti inafifia. Ukibana sana ngozi inakuwa nyekundu. Uingize kidole kimoja chini ya utepe bila kulazimisha. Hamisha mahali kifaa kinapogusa, nyuma ya sikio la kulia, la kushoto au paji la uso, ngozi ipumzike. Mtoto akilazwa kwa kisogo kikagusa mto, kitapiga mluzi. Na mlango wa betri lazima uwe wa kufunga: betri ya kitufe ikimezwa huunguza umio ndani ya saa chache na hiyo ni dharura, si jambo la kusubiri kesho.

Usaha ukitoka

Grometi ikiwa wazi, maambukizi ya sikio la kati huonekana kama usaha unaotoka, mara nyingi bila homa na bila mtoto kulia. Watu wengi hukimbilia dawa ya kunywa. Ni chaguo dhaifu. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2014, baada ya wiki 2 usaha ulikuwa bado upo kwa 5% ya watoto waliotiwa matone ya antibayotiki na steroidi, 44% ya waliokunywa antibayotiki, na 55% ya waliosubiriwa tu. Tofauti hiyo inaeleweka: tundu la grometi linaruhusu dawa kufika palepale kwa wingi ambao damu haiwezi kuubeba.

Aina ni muhimu kuliko jina la kampuni. Siprofloksasini yenye deksamethasoni, kuanzia umri wa miezi 6, ni matone 4 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Ofloksasini ya 0.3%, kuanzia mwaka 1, ni matone 5 mara mbili kwa siku kwa siku 10. Kwa aliye mdogo zaidi, daktari aamue. Matone ya gentamisini au neomisini, ambayo yamejaa kwenye maduka ya dawa na ni ya bei nafuu, yasitiwe kwenye sikio lenye grometi au tundu, kwa kuwa yanaweza kudhuru sikio la ndani.

Matone yasiposaidia, mara nyingi hayakufika. Shika chupa mkononi dakika moja au mbili ipate joto, maana dawa ya baridi huleta kizunguzungu. Futa usaha ulioko mlangoni kwa karatasi laini iliyosokotwa, bila kijiti cha pamba. Mlaze mtoto kwa ubavu, vuta sikio nyuma na chini, tia matone, halafu bonyeza mara kadhaa ule ulimi mdogo wa gegedu ulioko mbele ya tundu la sikio, ili dawa isukumwe kupita kwenye grometi. Abaki amelala ubavu dakika chache. Usaha ukiendelea siku 7 licha ya hayo, sikio linahitaji kufyonzwa kwa hadubini. Dawa ya kunywa ina nafasi yake kama kuna homa kali, uwekundu unaosambaa nje ya sikio, au mtoto anaonekana mgonjwa kweli.

Kuhusu maji, vizibo vya masikio na vitambaa vya kuogea havihitajiki kwa kila mtoto. Kuoga kawaida hakuna shida. Maji ya sabuni, ya ziwani, au ya kupiga mbizi ni habari nyingine, na mtoto ambaye kila akiogelea anatoa usaha avae vizibo.

Visivyostahili pesa

Dawa za mafua za kukausha, dawa za mzio, steroidi za kunywa au za kupuliza puani: hakuna kinachoondoa majimaji haya kwa kudumu, na msuli hautengenezwi kwa sharubati. Mishumaa ya masikio inaunguza. Mafuta yoyote katika sikio lenye grometi ni kuomba usaha. Puto la kupuliza kwa pua linahitaji mtoto mkubwa anayefuata maelekezo na kaakaa lisilovujisha hewa, kwa hiyo si la mchanga.

Na moja la kukataa kwa nguvu: kuondoa nyama za puani (adenoidi, zilizoko nyuma kabisa ya pua) ili kusaidia masikio. Kwa mtoto wa kawaida ni ushauri wa kuzingatiwa. Kwa mwenye mpasuko wa kaakaa, hata lililoshonwa au lililojificha chini ya ngozi, nyama hizo ndizo zinazosaidia kaakaa fupi kufunga nyuma ya pua. Ukiziondoa zote, sauti inaweza kuanza kuvujia puani na maziwa kurudi. Kama hakuna budi, iondolewe sehemu tu, na timu ya kaakaa iwe imeshirikishwa.

Kitu kimoja cha bure kinachopita vyote hivi ni maziwa ya mama. Mwaka 1994 Paradise na wenzake walionyesha kwamba watoto wenye mpasuko wa kaakaa waliopata maziwa ya mama, hata kwa kiasi, walikuwa na vipindi vingi zaidi vya masikio yasiyo na majimaji. Kwa kuwa wengi hawawezi kuvuta titi, yakamuliwe na kutolewa kwa chupa laini ya kubinya au yenye chuchu ya vali, mtoto akiwa ameinuliwa karibu wima.

Ufuatiliaji

Grometi bila ratiba ya kurudi ni nusu ya huduma. Kurudi kwa kwanza ni ndani ya miezi 3, na siku hiyo usikivu upimwe upya, kwani grometi inayoonekana iko mahali pake huenda imeziba kwa damu iliyokauka. Kisha kila miezi 6 hivi hadi itoke, na baada ya kutoka pia, hadi ujana, kwa sababu watoto hawa wako hatarini zaidi kupata kolesteatoma, uvimbe wa ngozi unaokua ndani ya sikio na kula mifupa. Dalili yake ni usaha wenye harufu mbaya usiosikia matone, au kiwambo kilichodidimia kona ya juu. Grometi iliyokaa zaidi ya miaka 2 hadi 3 ijadiliwe kutolewa, kabla tundu lake halijazoea kuwa wazi.

Kwenye kadi ya mtoto yaandikwe haya: sikio lipi, aina ya grometi na kipenyo chake, tarehe ya kuwekwa, majimaji yaliyokutwa yalikuwa mepesi au mazito, na desibeli za kabla na baada. Daktari atakayemwona miaka miwili baadaye, pengine katika hospitali nyingine, ataanzia hapo.